Mafuta Yasiyoelea

Mtu akifika kwenye gereji ya Renatus Akonaay pale Katesh, kandokando ya barabara iendayo Singida, akaomba amiminiwe mafuta ya breki kidogo kwenye chupa ya maji, Renatus anamkatalia. Anakataa hata kama anayeomba ni shemeji yake. Wapo wanaomwita bahili. Wapo wanaosema uzee umemwingia mapema, maana miaka miwili tu iliyopita alikuwa anamgawia kila aliyenyoosha mkono. Sababu yake inajulikana kwa watu wa Masakta waliokuwapo nyumbani kwa Michael siku ya kipaimara cha binti yake Doris. Wanaijua kwa sababu Renatus aliisema kwa mdomo wake mwenyewe. Naiandika kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo, na hasa kwa mafundi.

Renatus ni mtu wa Endasak. Wazazi wake walilima mahindi na maharage kwenye mteremko wa mlima Hanang, na yeye angelima vilevile kama trekta la jirani lisingeharibika msimu mmoja mbele ya shamba lao. Alikaa siku tatu akimwangalia fundi aliyeletwa kulitengeneza, na siku ya nne akaondoka naye. Ufundi aliusomea kwa mikono, kwanza kwa mtu huyo, baadaye kwenye gereji ya misheni alikofagia mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa spana. Leo ana miaka hamsini na miwili. Hanywi pombe siku ya kazi, hachelewi, na haahidi gari kuwa tayari kesho kama anajua litakuwa tayari keshokutwa. Haya ni mambo madogo, lakini nimeishi muda wa kutosha kujua jinsi yalivyo adimu.

Kwenye klachi ndiko jina lake lilikokua. Magari ya huku kwetu yanabeba magunia kupita uwezo wake na kupanda milima yenye tope, kwa hiyo klachi ndiyo inayolalamika kwanza. Fundi mvivu akisikia klachi inasumbua husema plate imekwisha. Hushusha gia boksi, huweka plate mpya, na mwenye gari hulipa. Mara nyingi ugonjwa haukuwa hapo. Renatus haanzi hivyo. Anafungua mlango wa dereva, anapiga goti chini, na anabonyeza pedali ya klachi kwa kiganja cha mkono. Wateja wapya humcheka, wakidhani anaiombea. Yeye huwaambia mguu uliovaa kiatu haujui kitu. Kiganja kinasikia kama pedali ni laini kama kitambaa, maana yake kuna upepo ndani ya bomba. Kinasikia kama inaanza ngumu kisha inazama polepole, maana yake raba za silinda ya juu zimechoka na mafuta yanarudi nyuma. Akimaliza hapo analala chini ya gari, mtu mwingine akanyage, naye aangalie silinda ya chini inausukuma mkono wa klachi kwa kiasi gani. Mpaka ahakikishe kwamba njia yote ya mafuta haina kosa, hasemi neno plate.

Jumatano moja ya mwezi wa nane Michael alimletea pikapu yake. Michael ni mkulima wa Masakta, mwenye mahindi na alizeti, na pikapu hiyo kuukuu ya dizeli ndiyo iliyokuwa mguu wa ukoo mzima. Klachi ilikuwa inapoteza mafuta. Renatus aliikagua kwa utaratibu wake, akabadilisha raba za silinda ya chini, akatoa upepo, pedali ikasimama vizuri. Silinda ya juu nayo ilikuwa inatoa jasho, tone moja moja, na ilihitaji kubadilishwa. Mpya ingetoka Arusha wiki iliyofuata.

"Jumapili nina kipaimara cha mtoto," Michael alisema. "Gari likilala hapa, nitabeba maji na kuni kwa kichwa?"

"Ondoka nalo," Renatus akasema. "Lakini kila asubuhi funua boneti. Kikopo cha mafuta ya klachi kikipungua, ongeza kidogo."

Akachukua chupa ndogo ya maji iliyokuwa imetupwa dirishani, akaisuuza, akaikausha, akaijaza mafuta ya breki, ambayo ndiyo hutumika kwenye klachi pia, kutoka kwenye kopo, akafunga kifuniko chake cha bluu. Hakuandika kitu juu yake. Alimpa Michael chupa ile kama alivyokuwa amewapa wengine kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni vibaya. Kosa likifanywa na watu wote hupewa jina la mazoea, na likiitwa hivyo hakuna anayelichunguza tena.

Jumapili asubuhi Renatus alikuwa amevaa shati jeupe na suruali ya kanisani, anatafuta kiatu cha pili, simu ikaita.

"Fundi, nimekwama," alisema Michael. "Nimeshapita Endasak, nakaribia kupanda kwenda kwetu. Nina viti sitini na turubai. Watoto wako kanisani, Mama Doris yuko kanisani, padre anakuja kula kwangu, na viti viko barabarani na mimi!"

"Limefanyaje?"

"Injini inalia, gari haliendi. Lukasi wa lori amepita hapa, akaniambia plate imekwisha."

"Lukasi amelala chini ya gari?"

"Hata kushuka hakushuka."

"Basi usimsikilize. Nakuja."

Alipanda bodaboda akiwa na mfuko wake mdogo wa spana mapajani. Mwenye bodaboda alimshusha, akapata abiria hapohapo, akageuka kurudi mjini. Michael alikuwa ameketi juu ya kiti kimojawapo cha plastiki, kando ya barabara, ndani ya suti.

"Umependeza," Renatus akamwambia. "Umeshafungua sherehe peke yako?"

"Cheka tu, kaka. Dada yangu Perpetua ndiye yuko jikoni. Nikichelewa na viti hivi atanikaanga mimi."

Renatus alipiga goti kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani, akabonyeza pedali kwa kiganja. Ilikuwa nzito. Alipoiachia ilirudi taratibu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Hakusikia upepo, wala pedali haikuzama. Jambo hilo lilimfanya akunje uso, kwa sababu Jumatano pedali ileile ilikuwa inaruka kurudi juu.

"Ilianza lini hivi?"

"Ijumaa. Kila nikiikanyaga inakuwa nzito zaidi. Leo nilipotaka kuanza mlima injini ikapiga kelele, gari likabaki palepale."

Alitandika gunia, akaingia chini. Hakuna mtu aliyekuwa anakanyaga pedali, lakini silinda ya chini ilikuwa bado inausukuma mkono wa klachi, kana kwamba kuna mguu usioonekana ndani ya gari. Alichukua spana, akalegeza nipo ya kutolea upepo. Mafuta yaliruka kwa nguvu, yakampiga shavuni na kwenye shati jeupe, na fimbo ya silinda ikarudi ndani.

Michael aliinama. "Umeua au umeponya?"

"Plate yako ni nzima," Renatus alisema akiwa chini. "Mafuta yalikuwa yanakwenda na hayarudi. Yamefungiwa. Ndiyo maana klachi ilikuwa inateleza, haikupata nafasi ya kushika."

Alijua kinachoweza kufungia mafuta namna hiyo. Raba ikivimba ndani ya silinda ya juu inaziba tundu dogo ambalo mafuta hupitia kurudi kwenye kikopo. Raba ya klachi haivimbi kwa uzee. Inavimba kwa kulishwa kisichokuwa chakula chake. Alifunua boneti, akafungua kifuniko cha kikopo cha klachi. Kipande cha raba kinachokaa chini ya kifuniko kilitoka kimejikunja na kunenepa, akijaribu kukirudisha hakiingii. Alikimbilia kikopo cha breki, kilichokuwa kando yake. Raba ya huko ilikuwa sawa na mafuta yalikuwa safi. Alishusha pumzi. Breki zilikuwa salama.

Alichovya kidole kwenye kikopo cha klachi, akakinusa. Akakinusa tena.

"Michael, uliongeza nini humu?"

"Yale uliyonipa. Alhamisi asubuhi. Chupa hiyo hapo mlangoni."

Renatus aliichukua chupa. Ilikuwa chupa ndogo ya maji, kifuniko cha bluu, ndani yake kimiminika cha rangi ya dhahabu hafifu, kimepungua kidogo. Kwa macho alikuwa tayari kuapa kwamba ndiyo aliyoitoa mwenyewe. Alimwaga matone kwenye kifuniko, akaongeza maji ya kunywa ya Michael, akatikisa. Matone yalikusanyika yakaelea juu, duara moja la kung'aa.

Mafuta ya breki hayaelei. Yakikutana na maji yanapotea humo, hayaonekani tena. Yale yaliyoelea yalikuwa ya alizeti.

"Hii siyo chupa yangu," alisema.

"Ni yako. Niliiweka mwenyewe rafuni jikoni, isije ikachezewa na watoto uani. Alhamisi nikaichukua."

"Rafu hiyo ina nini kingine?"

Michael alianza kujibu, ndipo akakumbuka. Jumatano ileile mkewe Helena alikuwa ametoka kukamua alizeti ya sherehe. Mafuta aliyachuja vizuri na kuyajaza kwenye chupa ndogo za maji, kama tufanyavyo wote, ili asifungue dumu kila mara. Chupa tano. Alikuwa amezipanga kwenye rafu ileile.

"Basi wewe ulichukua moja ya alizeti," Renatus alisema polepole. "Yangu imebaki jikoni. Na leo wanapika."

Sitaki kuficha uzito wa jambo hili kwa maneno laini. Mafuta ya breki ni sumu. Yakinywewa au yakiliwa yanaweza kuua, na mtoto yanamuua kwa kiasi kidogo kuliko mtu mzima. Watu mia moja walikuwa wanategemewa pale Masakta, nusu yao watoto waliotoka kupakwa krisma, wenye njaa.

Michael alipiga simu ya Helena. Imezimwa, maana yuko kanisani. Akapiga ya dada yake. Perpetua alipokea, na sauti yake ilisikika mpaka kwa Renatus.

"Viti viko wapi?"

"Dada, sikiliza, yale mafuta..."

"Mafuta ninayo! Nimekuuliza viti! Unataka padre akae juu ya ndoo?"

"Dada, usitumie..."

"Usinieleze habari za gari! Kila siku gari, gari! Leta viti!" Akakata. Alipopigiwa tena simu iliita mpaka ikachoka, kwa sababu Perpetua alikuwa ameitupa kwenye kikapu cha vitunguu, kama alivyoeleza baadaye, ili imwache afanye kazi.

"Bodaboda," Michael alisema akiangalia barabara pande zote mbili. Siku ya Jumapili saa za misa nyingine haikuonekana.

"Panda," Renatus akasema.

"Gari halina klachi!"

"Halina pedali, ikikanyagwa mafuta yatafungiwa tena. Klachi ipo, inashika. Nimeiachia mwenyewe. Panda."

Aliifunga nipo na kurusha spana ndani. Aliweka gia namba moja injini ikiwa imezimwa, akageuza ufunguo. Starta ililisukuma gari mbele kwa mikwaruzo miwili, injini ikawaka gari likiwa tayari linatembea, viti vikapiga kelele nyuma kama mvua ya mawe. Kutoka hapo mguu wake wa kushoto haukugusa kitu. Alisikiliza injini. Ilipofika sauti anayoitaka aliachia pedali ya mafuta, akavuta gia ikatoka, akasubiri kidogo, akaisukuma namba mbili ikaingia kimya.

"Mama yangu," Michael alisema. "Kumbe pedali ni pambo?"

"Usijaribu. Utavuna meno ya gia boksi."

Aliyasema hayo bila kutabasamu. Miaka yote ile ya kusikiliza magari ya watu ilikuwa imefika mahali pa kutumika.

Juu ya kilima ng'ombe walikuwa wanavuka. Walikuwa wa mzee Gidahosh, mfugaji wa bondeni, aliyesimama katikati ya barabara na fimbo yake akiwasubiri waliochelewa. Kama Renatus angesimama pale kwenye mwinuko na mzigo ule, starta isingeweza kulivuta gari kwa gia, na safari ingeishia hapo. Alipiga honi mfululizo, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee! Tupishe, tafadhali! Shikamoo!"

Gidahosh alimtazama kwa mshangao. Alipiga mluzi mmoja, ng'ombe wakagawanyika, gari likapita kati yao kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kuitikia salamu hakupata nafasi. Kwenye kioo Renatus alimwona amesimama, mkono juu, mdomo wazi. Kumpita mzee mbio huku unamtupia shikamoo kama mtu anayerusha jiwe ni jambo la aibu, na Renatus aliliona kuwa ni la aibu hata wakati ule.

Walipoingia uani kwa Michael alizima injini, gari likakita na kusimama. Vitunguu vilikuwa vinanukia. Perpetua, mama wa miaka zaidi ya sitini, alikuwa kwenye mafiga matatu, mwiko mkononi, na chupa zimepangwa juu ya benchi nyuma yake. Moja ilikuwa tupu. Nne zilikuwa zimejaa. Alikuwa ameshika mojawapo, kidole kwenye kifuniko.

"Shikamoo mama. Weka hiyo chini."

"Marahaba. Umekuja kupika, Fundi? Shati lenyewe ndilo hilo?"

"Weka chini, mama yangu. Kisha niletee maji na vikombe."

Katika sauti yake kulikuwa na kitu kilichomfanya Perpetua atii, na Michael ananiambia hilo hajapata kuliona tangu azaliwe. Renatus alipanga vikombe vitano kwenye benchi, akatia maji katika kila kimoja. Alianza na ile chupa tupu, kwa sababu iliyokwisha kuingia kwenye sufuria ndiyo iliyomwogopesha. Aliigeuza juu ya kikombe cha kwanza, akaigonga kitako. Mafuta yalitoka kwa uzito, tone moja, la pili. Wote watatu waliinama.

Tone liliingia kwenye maji, likazama kidogo, likarudi juu. Likaelea.

"Sufuria ni salama," Renatus alisema.

"Salama na nini?" Perpetua akauliza. "Kuna mtu ataniambia nimefanya nini?"

Renatus aliendelea kumwaga. Kikombe cha pili, yakaelea. Cha tatu, yakaelea. Cha nne kilikuwa cha ile chupa aliyokuwa ameishika Perpetua. Renatus alimwaga matone matano. Yaliingia kwenye maji, yakachora uzi mwembamba kama moshi, yakatoweka. Juu ya maji hakukubaki kitu. Hata hivyo aliendelea na cha tano, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Yakaelea.

Aliinua ile ya nne. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni, kama alivyoijaza mwenyewe Jumatano. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Michael alimweleza dada yake kwa maneno machache. Perpetua alikaa kwenye kigoda, mwiko bado mkononi.

"Hiyo ndiyo nilikuwa nafungua," alisema. "Ya kukaangia kuku." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "Na simu nilikukatia."

Wageni walianza kusikika barabarani wakiimba. Michael alimvuta Renatus pembeni.

"Kaka, imekwisha. Tusiseme. Ni siku ya mtoto, na hakuna aliyeumia. Kosa lenyewe ni langu, mimi ndiye niliyeweka chupa jikoni."

"Ni dada yako ungemlaumu kama wangeumia?"

"Hapana."

"Ungejilaumu mwenyewe, na mimi ningesimama kwenye mazishi nikikuhurumia. Chupa ya kunywea niliijaza sumu mimi, fundi, ninayejua ni sumu. Wewe ulipokea." Alifuta uso wake kwa mkono wa shati lile lililokwisha kuharibika. "Na sikukupa wewe peke yako."

Hapo ndipo Michael alipoelewa. Chupa za namna ile zilikuwa zimetoka kwenye gereji ya Renatus kwa miaka mingi. Nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika na kutupwa. Lakini za karibuni Renatus alizikumbuka: moja Endasak, moja hukuhuku Masakta, mbili Katesh, moja kwa wafugaji wa bondeni. Zilikuwa zimekaa mahali fulani, juu ya rafu za watu, na rangi yake ni ileile.

Tumezoea kufikiri kwamba uungwana ni kunyamaza ili sherehe isiharibike. Sikubaliani na jambo hilo, na Renatus hakukubaliana nalo. Padre alipomaliza kubariki chakula, kabla sahani ya kwanza haijajazwa, Renatus aliomba nafasi. Alisimama na shati lake lenye madoa, chupa mkononi.

"Mnanijua," alisema. "Mkisikia Renatus ametengeneza gari mnalala usingizi. Leo asubuhi chupa hii niliyoijaza mimi ilikuwa jikoni hapa, na ilikaribia kuingia kwenye chakula. Chakula ni safi, nimekipima mwenyewe, na mimi ndiye nitakayekula kwanza. Lakini kama kuna mtu ana chupa aliyopewa na mimi, au na fundi mwingine yeyote, aniambie sasa iko wapi. Sitamcheka. Wa kuchekwa ni mimi."

 Mwanamume mmoja, Baltazar, mwenye trekta, akainuka nyuma.

"Ya kwangu iko juu ya kabati la vyombo," alisema. Mkewe, Marieta, akamgeukia.

"Juu ya kabati *langu*? Tangu lini?"

"Tangu kuvuna."

"Na mimi nikakuuliza ni nini, ukasema usiguse! Usiguse ndiyo jina lake?"

Watu walicheka, na kwa kicheko hicho wengine wawili wakasema walipoziweka za kwao, zilizotoka kwa mafundi wengine. Renatus alipakuliwa sahani ya kwanza, akala wali na kuku mbele ya watu wote, taratibu, mpaka akamaliza. Ndipo watoto wakapakuliwa. Doris, mwenye siku, anakumbuka sherehe yake kuwa ile ambayo fundi alihubiri kuliko padre.

Pikapu ilitengenezwa wiki iliyofuata. Renatus alibadilisha silinda zote mbili na mpira wa bomba, akasafisha njia yote kwa mafuta mapya mara tatu, kwa sababu raba iliyokwisha kuvimba haiponi na wala haiaminiki. Pedali sasa inaruka kurudi juu.

Lakini kabla ya kazi hiyo, Jumatatu asubuhi, alifunga gereji akaenda kuzikusanya chupa. Alianza na hiyo ya kabati la Marieta. Za Katesh alizipata kabla ya saa nne, ya Endasak mchana. Ya mwisho ilikuwa kwa wafugaji wa bondeni, kwa mzee Gidahosh, ambaye mwezi uliopita alileta gari la mwanawe la kubebea ndama.

Alimkuta amekaa nje ya boma. Alizima pikipiki aliyoiazima mbali, akaja kwa miguu.

"Shikamoo mzee."

Gidahosh hakuitikia. Alimtazama juu mpaka chini.

"Hii ni ya leo au ni ile ya jana?"

"Ni ya leo, mzee. Ya jana nilikukosea."

"Ya jana ilinipita kama gari la serikali. Nilikaa na marahaba mdomoni mpaka jioni. Ng'ombe wananiuliza, huyo ni nani, nawaambia simjui." Akacheka, meno machache, akagonga ardhi kwa fimbo. "Marahaba. Zote mbili. Kaa."

Renatus alikaa. Aliuliza habari ya chupa. Gidahosh alimwita mtu wa ndani, ikaletwa, imefungwa kwa kamba ya ngozi shingoni.

"Ilikuwa juu ya paa la zizi," alisema mzee. "Nilimpa mbuzi ainuse, akapiga chafya. Kitu ambacho mbuzi amekikataa sikilazi pamoja na maziwa."

Renatus aliifungua, akainusa, akaifunga tena. Zilikuwa zimetimia zote. Aliiweka kwenye mfuko pamoja na nyingine, akataka kuinuka.

"Bado," Gidahosh akasema. "Jana ulikuwa unamkimbilia nani?"

Hakuna mtu aliyemlazimisha. Angeweza kusema alikuwa anawahisha viti. Renatus aliweka mfuko chini, akamsimulia mzee yote, na alianza pale pa kuanzia, siku ya Jumatano, kwa chupa aliyoisuuza na kuijaza kwa mkono wake.